Uso wa Mgombea Dirishani Kwangu

Mama yangu mpenzi,

Mwangaluka, mayo. Shikamoo. Ningekuwa hapo Itetemia ningepiga magoti mlangoni kwako kabla hata sijatua begi, lakini leo magoti yangu yako chini ya meza ya jikoni na mjukuu wako amenilalia begani, kwa hiyo pokea hivyo hivyo. Kifua chako kinasemaje na baridi ya asubuhi? Na baba, mguu umepona kweli au anajikaza tu ili mumwache aende shamba? Karanga mmeshamaliza kupukuchua? Sisi huku wazima. Imani ameota meno ya chini na anauma kila kinachomkaribia. Baba yake bado yuko kule kwenye mashamba ya mboga, anakuja mwisho wa mwezi, analala siku nzima kama gunia, halafu anaondoka.

Najua unataka niache salamu nifike kwenye jambo. Ulipopiga simu wiki iliyopita ulikuwa unalia, ukawa unaniuliza kama ni kweli nimeingia kwenye siasa za Wazungu na kama watanifukuza. Sikukujibu vizuri, mama, nisamehe. Wewe simu yako unaiweka spika, nikamsikia jirani anakohoa hapo kando, nikajua neno langu litafika mtaa wa Ng'ambo kabla sijamaliza sentensi. Ndiyo maana nimeandika. Atakayekuletea barua hii ni mwenzetu wa kanisani anayekuja likizo Tabora. Dada Tatu akusomee, wewe na baba, basi.

Kwanza ulale usingizi: sijafukuzwa. Kazi ninayo na kibali ninacho. Ila nilifika pabaya, tena kwa kosa ambalo nyie hapo mtacheka mkilisikia. Mimi sikucheka.

Unajua kibali changu kimefungwa kwenye hii kazi ya kutunza wazee kama mbuzi kwenye kigingi. Kazi ikikatika, na kibali kimekatika. Zamu yangu inaanza alfajiri, na shule za watoto wadogo huku hazifunguliwi saa hizo. Anayenishikia Imani ni jirani wa mlango unaotazamana na wangu, Bi Doreen, yule niliyekwambia ana sauti kama ya shangazi. Alizaliwa Jamaika, akaletwa huku akiwa msichana mdogo, akawa muuguzi mpaka akastaafu. Malipo hataki. Mimi namsuka nywele Jumapili, yeye anamshika mtoto, tunaishi. Mama, naomba ulielewe hili vizuri: bila Bi Doreen sina zamu, na bila zamu sina mahali hapa. Hakuna mtu mwingine nyuma yake.

Sasa huku ni wakati wa kuchagua wabunge. Usifikirie kampeni kama za kwetu. Hakuna gari la spika, hakuna ngoma, hakuna mtu anayesimama juu ya jukwaa akaahidi maji. Kampeni ya huku ni karatasi. Zinaingia kwenye tundu la mlango, zinaanguka sakafuni, na aliyezileta ameshaondoka hata hujamwona uso. Kwetu mtu akileta neno lake nyumbani kwako si anabisha hodi, anapewa kigoda? Hawa wanatupa na kwenda. Nilikuwa naziokota nikirudi kazini. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa mwalimu, anaandika habari za mabasi yanayochelewa. Kulikuwa na kijana aliyepigwa picha amesimama kwenye mto mchafu amekunja suruali. Na kulikuwa na bwana mmoja mwenye tai ya rangi ya boga, anacheka, mashavu yamejaa. Huyo wa tai karatasi yake ilikuwa nzito, ukiikunjua inakuwa bango kubwa la uso wake, limeandikwa chini kwamba atajali mitaa yetu.

Nilisoma, mama. Usiseme sikusoma. Niliona barabara, niliona hospitali, niliona maneno ya kuwatunza wazee, nikasema huyu naye hana neno.

Na jua la huku majira haya linatisha. Watu wanakula chakula cha jioni liko juu, na linarudi kabla jogoo wa kwetu hajawika. Pazia la mwenye nyumba ni jepesi kama chandarua. Imani halali. Mimi nisipolala nafika kazini mikono inatetemeka, na nawanyanyua wazee wa watu. Basi Jumapili moja nikachukua lile bango, nikalibandika kwenye kioo cha chumba chetu, uso ukatazama nje ili upande mweupe uje kwetu. Likaziba vizuri sana. Mtoto akalala. Mimi nikalala.

Kwani nilifanya nini ambacho hatufanyi? Wewe mwenyewe ulipalilia karanga umevaa fulana ya yule wa udiwani, na kura ukampa mwenzake. Kofia ya mpinzani wake baba alimvisha sanamu wa kutishia ndege. Kanga ya mgombea wa ubunge ndiyo uliyombebea Tatu. Kwetu ukipewa unapokea, unavaa, unafutia meza, na moyo wako unabaki wako. Hakuna anayetazama fulana yako akasema huyu ni adui.

Jumatatu sikuwa na zamu. Jumanne yake nikavuka barabara alfajiri na Imani mgongoni, nikabisha kwa Bi Doreen kama kawaida. Kimya. Nikabisha tena. Nikaita. Nikaona pazia la juu linasogea, na vidole vyake nikaviona. Pazia likarudi.

Nikadhani anaumwa. Nikainama kwenye lile tundu la barua nikasema, "Bi Doreen, ni mimi, Kalunde. Uko salama?"

Akajibu kutoka ndani, hakuja hata mlangoni. "Mimi niko salama. Nenda kwa hao marafiki zako wakushikie mtoto."

"Marafiki gani?"

Nikasikia hatua zake zinapanda ngazi.

Mama, sikuwa na muda wa kusimama pale. Nilimpeleka Imani kazini mgongoni kwa kanga, watu kwenye basi wananitazama. Meneja wetu si mtu mbaya, lakini si mtu wa kubembelezwa. Akanitazama, akamtazama mtoto, akafunga mlango wa ofisi.

"Leo tu," akasema. "Nitamweka hapa ofisini. Kesho ukija naye nitakurudisha. Na usipokuja kabisa, nitatakiwa kutoa taarifa juu. Unajua taarifa hiyo inakwenda wapi."

"Najua."

"Basi tafuta mtu leo."

Nilimwogesha bibi mmoja asubuhi ile akaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni sabuni. Nani wa kumtafuta? Mashambani kwa baba yake? Kanisani wote wana zamu zao. Tangu asubuhi nilikuwa nawapitia watu kichwani, kila mmoja nafika naye mwisho nakuta ukuta.

Mchana nikaingia jikoni kwa Shomari. Huyu sijakwambia habari zake vizuri. Ni mpishi wetu, Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo ni mtani wangu halali na ananitesa kila siku. Aliponiona tu akaweka mwiko chini.

"Mnyamwezi! Karibu, mpagazi. Babu zenu walibeba meno ya tembo kutoka Unyanyembe mpaka kwetu pwani, hawakuuliza ni ya nani. Na wewe umefika Ulaya bado unabeba tu! Umembeba mpaka bwana yule."

"Bwana yupi? Shomari, leo siko vizuri."

"Bwana wa dirishani. Nilipita kwenu Jumapili nikacheka mpaka nikakaa kwenye ukingo wa barabara. Nikapiga na picha, nikaitupa kwenye kundi letu la Watanzania."

Hiyo ndiyo picha iliyokuja kufika mpaka Ng'ambo, mama, ukanipigia simu unalia. Nikamwambia babu zake walikuwa wanacheza ngoma wakisubiri mizigo ifike ili wale, na kwamba hata leo kazi yake ni kusubiri vya wenzake avisambaze. Lakini sauti ilinikatika katikati, naye akaona.

Akavuta kiti. "Kumbe hujui?"

"Sijui nini?"

"Dada, huku bango la dirishani si pazia. Huku mtu akibandika uso wa mgombea kwenye nyumba yake ameapa. Ni kama amesimama mlangoni anasema mimi ni wa huyu. Na unajua huyu wako anasema nini kwenye mikutano? Anasema wageni tumejaa, turudishwe. Mimi na wewe, na hao mama zetu waliokuja zamani anawaunganisha humo humo. Hiyo karatasi yako ni ya kistaarabu, hayo hayaandikwi pale. Mimi nilidhani umeamua kuchekesha mtaa."

Nikakumbuka vidole vya Bi Doreen kwenye pazia. Siku mbili nzima yule mama ameamka, amefungua dirisha lake, na uso wa mtu anayetaka afukuzwe unamcheka kutoka chumbani kwa mtoto anayemlea.

Shomari aliifuta ile picha, akaapa, akataka twende wote kwa Bi Doreen akaniombee kama mtani. Nikakataa. Bango nililibandika mimi.

Nilitoka kazini nikakimbia kutoka kituoni. Nilisema nafika tu, nalitoa, ndiyo nivuke barabara nikazungumze. Kufika, nikawakuta watu wawili wamesimama mlangoni kwangu. Mwanamke kijana ana kamera shingoni. Na mwanamume, tai ya rangi ya boga.

"Wewe ndiye mwenye dirisha hili!" akasema, akanipa mkono, akautikisa sana. Akamshika Imani kidevu.

Mama, nifanyeje? Ulinilea wewe. Mtu yuko mlangoni, amebisha, amesimama. Nikasema karibuni. Mdomo ulitangulia. Wakaingia, wakakaa, nikaweka maji ya chai. Nilipokuwa nafunga mlango nikamwona Bi Doreen ng'ambo ya barabara, amesimama kwenye geti lake na mfuko wa dukani. Alikuwa ananitazama mimi, wala hakuangalia pembeni.

Yule bwana anaongea vizuri, sikufichi. Aliuliza jina la mtoto, akauliza natoka wapi, nikasema Tabora, akasema ni pazuri, ingawa nina hakika hajui Tabora iko upande gani wa dunia. Akanywa chai yote. Halafu akasema neno lake.

"Watu wanatusingizia kwamba tunawachukia wageni. Sasa mama kama wewe, mchapakazi, na mtoto, na bango letu dirishani! Tunaomba picha moja tu, wewe na mtoto na mimi, mbele ya dirisha. Itatoka kwenye karatasi yetu ya mwisho, nyumba zote za jimbo zitaipata."

Nikainama nikampa Imani kijiko. Akadhani nasitasita kwa aibu, akasogea mbele.

"Na sisi tunasaidiana. Kazi yako ni ya zamu? Mtoto anakaa na nani?"

Mama, alifikia pale pale penye kidonda. Nikamwambia sina mtu. Akamtazama mwenzake. "Kuna kituo cha watoto karibu na kanisa lile kubwa, wanafungua mapema sana. Orodha ni ndefu, lakini mwenye kituo ni mtu wangu. Nikimpigia simu jioni hii, kesho asubuhi mtoto ana nafasi."

Kesho asubuhi. Alisema maneno yale yale niliyokuwa nayatafuta tangu alfajiri.

Sitakudanganya kwamba nilikataa papo hapo. Nilimtazama Imani sakafuni anatafuna kijiko. Niliona meneja anafunga mlango wa ofisi. Nikasema moyoni, ni picha tu, Kalunde, ni fulana tu, si unavaa halafu unapalilia? Lakini haikuwa fulana, mama. Fulana naivaa mimi, naivua mimi. Hii wangemvalisha mwanangu, na nyumba zote za jimbo zingefungua mlango na kukuta uso wake, na Bi Doreen angeiokota sakafuni kwake.

Nikasema, "Bwana, nimekukaribisha kwa sababu umebisha hodi. Chai ni yako. Picha siwezi."

Akatabasamu bado. "Lakini bango umeliweka mwenyewe."

"Niliweka kuzuia jua. Mtoto alikuwa halali."

"Jua?"

"Jua."

Yule mwenye kamera akainamia kikombe chake, mabega yanamtikisika. Bwana akamtazama, naye akakohoa. Mimi nikaingia chumbani, nikalibandua taratibu lisichanike, nikalikunja kwenye mikunjo yake ile ile, nikampa kwa mikono miwili. Alilipokea. Uso wake wa kwenye karatasi ulikuwa unacheka, wa kwake ulikuwa umekoma.

"Umefikiri vizuri kuhusu mtoto?" akaniuliza mlangoni.

"Nimemfikiria yeye."

Basi wakaenda. Na kwa adabu zangu nikawasindikiza mpaka getini, akanipa mkono tena, na Bi Doreen bado yuko pale anaona mimi na yeye tumeshikana mikono.

Nikavuka. Safari hii alifungua, lakini kwa kiasi cha mnyororo tu, naona jicho moja na kipande cha shavu. Nikamweleza yote nimesimama kizingitini. Nikamweleza fulana zetu, kanga zetu, ile kofia ya sanamu. Nikamwambia kituo cha watoto nilichokataa. Akasikiliza bila kunikatiza.

"Ulibandika uso wa yule mtu kama pazia?" akauliza mwishoni.

"Ndiyo."

Hakucheka. "Mimi nimekua nikisoma madirisha, Kalunde. Baba alikuwa ananishika mkono tunatafuta chumba cha kupanga, na karatasi ziko kwenye vioo, zinasema nani asigonge, yaani sisi weusi. Nilijua kusoma madirisha kabla sijajua kusoma kitabu. Mimi dirisha halinichekeshi."

Nikamwambia, "Nisamehe, Bi Doreen. Sikujua."

"Naamini hukujua. Lakini mimi nimelala siku mbili naangaliwa na yule." Halafu akasema, "Nitafikiri," akafunga.

Usiku ule dirisha lilikuwa wazi, Imani akalia, nami nikambeba nikizunguka naye chumba kizima. Kulipopambazuka nilimwogesha, nikamvisha, nikafunga chakula chake, nikamfunga mgongoni. Sikujua navuka kwenda wapi. Kama mlango ule ungekuwa umefungwa, nilikuwa nakwenda kazini kurudishwa nyumbani, na baada ya hapo ningekuja kukusalimu kwa magoti ya kweli, lakini si kwa heri.

Ulikuwa wazi. Amesimama katikati, kavaa gauni la nyumbani, mikono kaikunja. Hakunisogezea njia.

"Una kadi ya kupigia kura?" akaniuliza.

"Ninayo." Maana sisi wa nchi zilizokuwa chini ya utawala wao wanaturuhusu, mama, wakati tunaishi hapa. Mimi mwenyewe nilishangaa.

"Utampigia nani?"

Nilijua anachotaka kusikia. Tena kingekuwa kweli, kwamba yule wa tai hapati yangu. Ningesema jina la yeyote kati ya wale wengine wawili angenipisha. Na basi langu lilikuwa limeshaonekana kule mwisho wa barabara. Lakini nilikuwa nimetoka kumkatalia mtu mmoja aliyetaka kunifanya bango lake, na sikutaka kuwa la mtu mwingine, hata la Bi Doreen ninayempenda.

Nikasema, "Bi Doreen, bango lilikuwa kosa langu na nimekuomba radhi. Kura yangu siitaji mlangoni kwa mtu. Hata mama aliyenizaa sijawahi kumwambia, na yeye hajawahi kuniuliza."

Akanitazama. Mama, alinitazama mpaka nikasikia moyo wa mtoto mgongoni mwangu, au ulikuwa wangu, sijui. Basi likasimama kituoni, likafungua mlango. Sikugeuka.

Akakunjua mikono.

"Nipe mtoto," akasema. "Utachelewa."

Ndiyo hivyo, mayo. Uchaguzi wenyewe bado, ni wiki ijayo, na kura nitapiga. Kati yangu na Bi Doreen bado kuna ubaridi kidogo. Jumapili nilipomsuka alikaa kimya mpaka mstari wa mwisho, na mimi sikumlazimisha aongee. Itachukua muda, na nitangoja. Msiniite nirudi kwa ajili ya maneno ya watu. Nikirudi nitarudi kwa sababu nimemaliza nililolifuata.

Nisalimie baba, mwambie ukali wote ninaouonyesha huku nimeutoa kwake. Nisalimie dada Tatu anayekusomea hapa, na cherehani yake ya Ng'ambo. Asome taratibu, asiruke pale nilipomtaja kwenye kanga. Mjomba Maganga wa mizinga ya nyuki huko Ulyankulu, mwambie asali yake imeisha na kifua cha mtoto kinaiulizia. Shangazi wa kwaya, bibi mzaa baba, na yule mke mpya wa kaka ambaye bado sijamwona, wote nimewashika mikono.

Kama matobolwa ya viazi vitamu yapo, mpe huyu aliyeleta barua mfuko mdogo aniletee. Nataka Imani atafunie meno yake mapya kitu cha kwetu.

Ni mimi, mwanao uliyemfundisha kupokea wageni,

Kalunde, Mama Imani